Majibu ya Bwana Mshauri: Silinda Nane na Kiinua Mgongo

Wiki hii mkoba wa barua umekuja mzito, na karibu barua zote zina ugonjwa mmoja: mapenzi ya motokaa kubwa ya saluni, yenye injini ya silinda 8, viti vya ngozi na milango isiyopiga kishindo, iliyokwisha kutumiwa na tajiri wa nchi nyingine na ambayo sasa yauzwa kwa bei ya kigari cha kubebea mboga. Nitazijibu kwa kadiri ya nafasi niliyopewa na mhariri, ambaye hupanda daladala, na kwa hiyo halioni jambo hili kuwa na uzito wowote.

*Bwana Mshauri, shikamoo. Nimestaafu mwaka huu baada ya kuitumikia serikali miaka 34, na kiinua mgongo kimeshaingia benki. Dalali mmoja amenionyesha Toyota Celsior nyeusi ya silinda 8, yang'aa kama kioo, na bei yake haizidi ya gari dogo la cc 1300. Mke wangu ataka tumalize nyumba kwanza. Nifanyeje? — Mstaafu, Tanga.*

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nakusifu kwa kumtaja mkeo, maana aghalabu wenye haja kama yako huwataja wake zao baada ya kutia sahihi. Ama motokaa uliyoonyeshwa, si ya kudharauliwa hata kidogo. Ndiyo ile iliyouzwa Marekani kwa jina la Lexus LS 400, na ilipotoka mwaka 1989 wenyewe waliitangaza kwa kupanga bilauri za shampeni kama mnara juu ya boneti, wakakanyaga mafuta hali magurudumu yakizunguka papo hapo juu ya rola, na bilauri hazikumwaga hata tone. Injini ya lita 4 yenye utulivu wa namna hiyo ni kazi ya mafundi walioijua kazi yao, nami simlaumu mtu aliyeisikia ikinguruma asilale usiku.

Lakini jiulize, kitu cha adhama kama hicho kimekuwaje hata kikakufikia wewe Tanga kwa bei hiyo? Huko Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Basi mwenye gari, akiona umri umesogea na gharama zimesogea nao, huona heri liuzwe likapande meli. Halikuuzwa kwa sababu ni bovu. Limeuzwa kwa sababu mtu aliyekuwa na uwezo wa kulinunua jipya alikaa na kalamu yake, akapiga hesabu ya kulitunza, akaona haimfai. Nawe, uliyenunua kalamu hiyo hiyo kwa mkopo wa ushirika, waona itakufaa. Bei ya kununulia huzeeka pamoja na gari, lakini bei ya kulitunza haizeeki. Taa ya mbele ya gari la waziri, hata waziri akifa na gari likaangukia kwa mpiga ramli, hubaki kuwa taa ya waziri siku ya kuagiza spea.

Hata hivyo najua umekwisha kuamua, na barua yako si ya kutaka shauri bali ya kutaka shahidi, kwa hiyo nisikilize. Nenda alfajiri, bila kumpa dalali miadi, ukaweke kiganja juu ya boneti. Ukiikuta ina uvuguvugu na jua halijachomoza, elewa kwamba kuna mtu aliyeamka kabla yako ili aifiche sauti ambayo injini huitoa ikiwa baridi. Rudi nyumbani, uje siku nyingine. Ukiikuta baridi, iwashe, ukasimame nyuma ya bomba la moshi: moshi wa bluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yaliyoingia pasipo pake. Tazama raba ya pedeli ya breki, kwa kuwa mita hurudishwa nyuma kwa dakika chache, lakini sijamwona bado fundi anayejisumbua kurudisha raba. Mita ikikwambia kilomita 60,000 na raba imelika mpaka chuma chachungulia, mwamini raba. Chomoa kijiti cha oili ya gia, ukinuse mbele ya watu bila haya, na kikitoa harufu ya kuungua usipoteze wasaa kwa maneno. Kisha ulizia mkanda wa taimingi, ambao katika injini hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukiambiwa umebadilishwa ila risiti imepotea, hesabu kwamba haukubadilishwa, ujumlishe mkanda, pampu ya maji na ujira wa fundi katika bei, ndipo uanze kupatana.

Na kabla ya yote hayo, paua nyumba. Gari lililolala nje halimnunii mtu. Mke aliyelala chini ya turubai ni habari nyingine.

*Bwana Mshauri, nina Mercedes S 500 ya mwaka 2001. Nimeipeleka gereji kubadilisha plagi, na fundi akaniandikia plagi 16. Injini ni ya silinda 8, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aijua. Nimemwita mwizi mbele ya vijana wake, nikaondoa gari langu. Nimshitaki wapi? — Aliyeonewa, Temeke.*

Bwana Uliyeonewa, nenda kamwombe radhi, na uende leo kabla ya magharibi. Injini ya gari lako ina plagi 2 katika kila silinda. Ndivyo walivyoiunda wahandisi wa Stuttgart ili iunguze mafuta yake vizuri, wala fundi hakuwa na ihtiari katika jambo hilo. Huyo uliyemfedhehesha ni katika akali ya mafundi wanaosoma kabla ya kushika spana. Usipomrudia utaangukia mikononi mwa yule atakayekubali hesabu yako ya darasa la pili, akutilie 8 mpya, aziache 8 kuukuu mle mle, nawe umwite mwaminifu. Chukua na halua.

*Bwana Mshauri, assalamu alaykum. Mume wangu amenunua saluni kubwa yenye shokapu za hewa. Jioni gari hulala likiwa limesimama, alfajiri twalikuta limepiga magoti kama ngamia. Yeye huamka kabla ya adhana kulichungulia dirishani, na akilikuta chini hasemi na mtu mpaka adhuhuri. Je, hili ni gari au nimeletewa mke mwenza? — Mama Watoto, Mombasa.*

Waalaykumu salamu, mwanangu. Ni mke mwenza, tena wa ukoo mkubwa, na subira yako itajaribiwa. Ila acha nikueleze siri yake, ili angalau umjue unayeshindana naye. Badala ya springi za chuma, gari la namna hiyo hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, na pampu ndogo ya umeme huijaza kila inapopungua. Likiwa jipya, hupita juu ya mashimo ya barabara kana kwamba halmashauri imeyaziba. Lakini mpira ni mpira: kwa miaka na jua hupasuka nyufa nyembamba kuliko unywele, hewa ikapenya usiku kucha polepole, na alfajiri likawa kama ulivyoliona. Mumeo akiliwasha hunyanyuka, naye husema, "Si umeona, limepona!" Halikupona. Pampu ndiyo inayohangaika kujaza kisichojaa, na siku itakapoungua, mtakuwa na mambo mawili ya kununua mahali pa moja. Mwambie abadilishe mfuko unaovuja sasa, kabla haujaiua pampu. Na umwambie baada ya chai, si kabla.

Nawe msomaji unayetarajia kununua, jua kwamba muuzaji mwerevu huliwasha gari kama hilo nusu saa kabla hujafika. Mimi nililikuta katika yadi moja, ambayo sitaitaja, limesimama wima kama askari wa gwaride, nikalipa saa 4 za asubuhi bila kuomba lilale usiku mmoja mbele yangu, na kesho yake alfajiri jirani yangu alikuja kunipa pole akidhani limeibiwa magurudumu.

*Ami, mimi niko Maskati, na saluni za silinda 8 huku zimejaa tele. Nataka kumpelekea mjomba moja Mombasa, ya mwaka 2008, iwe zawadi. — Mpwa Mwema.*

Zawadi njema, lakini haitavuka forodha. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na la huko kwenu usukani wake uko kushoto. Mpelekee mjomba fedha taslimu, au mpelekee tende.

*Bwana Mshauri, nyumba yangu iko Mji Mkongwe, Unguja, ndani kidogo. Saluni ya urefu wa mita 5 na ushei itafika mlangoni? — Mwenye Nyumba.*

Itafika. Kutoka ndiko kutakakohitaji kuvunja nyumba ya mtu.

*Bwana Mshauri, wajua mengi mno juu ya magari haya. Wewe mwenyewe wapanda nini? — Mdadisi, Pangani.*

Napanda baiskeli. Gari lipo chini ya mwembe, limepiga magoti tangu masika ya mwaka juzi, na kuku wa jirani ametaga mayai 7 juu ya kiti cha nyuma, ambacho ni cha ngozi halisi na kina kitufe cha kukipasha moto, ingawa hapa kwetu Pwani sijapata kuonana na mtu aliyelalamika kwamba makalio yake yana baridi. Kila Ijumaa baada ya sala hulifungua, nikakaa mbele nusu saa nikishika usukani, na mlango nikiusogeza kidogo hujivuta wenyewe ukajifunga, taratibu, kwa adabu ambayo sijaipata kwa watoto wangu. Msomaji yeyote mwenye mfuko wa hewa wa mbele, upande wa kulia, usiovuja, na aniandikie kwa anwani ya gazeti hili. Bei tutapatana, ila barua isiletwe nyumbani.