Mahindi Ambayo Mdudu Hakuyagusa

Mama mkwe wangu alishuka stendi ya Nane Nane jijini Mbeya mwishoni mwa Oktoba 2018, kikapu cha matunda damu ya Kilolo mkononi. Alikuja kunilea uzazi. Mtoto wa tatu alikuwa na siku nne, mimi niko kitandani chumba cha nyuma, na tangu jioni ile funguo za stoo zilikaa kwenye pindo la khanga yake.

“Kamwene, mwanangu.” Alimpakata mtoto, akamwombea, akanirudishia. Hakuketi hata kunywa chai. Alikwenda stoo.

Kulikuwa na magunia manne ya mahindi kutoka shamba letu la Inyala. Mbegu ilikuwa UH6303, chotara iliyozalishwa na watafiti wa Uyole, jirani kabisa na tunapoishi. Tuliyakausha vizuri, na Agosti tukayafunga kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Hewa haiingii, kwa hiyo mdudu aliyejificha humo hukosa pumzi akafa, na dawa haihitajiki.

Mama alifungua mfuko mmoja, akaja na punje kiganjani hadi kitandani kwangu. Zilikuwa nyeupe, nzima, hazina tundu hata moja.

“Mmeweka dawa gani?”

“Hatukuweka dawa, Mama. Ni mifuko tu.”

“Kwa nini mdudu hayali?”

Mtoto alikuwa analia. Nilisema tena kwamba ni mifuko, nikaendelea kunyonyesha. Nafundisha biolojia sekondari. Maelezo ninayowapa watoto wa watu kwa dakika arobaini, yeye nilimpa kwa maneno matatu. Najuta mpaka leo.

Sikujua alikuwa amebeba nini moyoni. Misimu miwili nyuma mume wangu alimpelekea mbegu ya chotara. Mwaka wa kwanza alivuna kuliko alivyowahi kuvuna maishani. Akachagua mahindi bora, akayaning’iniza juu ya meko yapate moshi, kama mama yake alivyomfundisha, na msimu uliofuata akayapanda. Shamba likaota kama kundi la watu wasiofahamiana: bua moja limepita dari, jingine linaishia kifuani, na hindi lenyewe dogo. Kwenye msiba mmoja kijijini akaelezwa sababu: hiyo ni GMO. Haizai mara ya pili, na mdudu akiila anakufa. Sasa anafika Mbeya, anakuta stoo ya mwanawe imejaa mahindi ambayo mdudu hayagusi, na mjukuu wa siku nne yuko ndani ya nyumba.

Chotara si GMO. Chotara hupatikana kwa kukutanisha mistari teule ya mahindi: wa kike hukatwa mbelewele zake ili upokee chavua ya mwingine tu. Watoto wake hutoka na nguvu na hufanana, lakini ukiwapanda wao, wajukuu hutawanyika, kila mmoja na urithi wake. Ndicho kilichotokea Kilolo. GMO ni kazi nyingine. Mtaalamu huchukua jeni, pengine ya kiumbe wa mbali kabisa, na kuiingiza kwenye mmea akiwa maabara. Yale mahindi yanayoitwa Bt yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni, nayo huyafanya yajitengenezee protini inayoua bungua wa mabua.

Kwa hiyo Mama hakusimuliwa uongo mtupu. Yapo mahindi ambayo mdudu akiyala anakufa. Ila bungua ni kiwavi na dumuzi wa stoo ni mbawakawa mdogo. Protini ile haimdhuru. Na mahindi hayo hayajawahi kuruhusiwa kuuzwa Tanzania kama mbegu ya mkulima.

Kisha ikaja habari ya redio. Ilikuwa Novemba, Mama anakoroga uji wangu jikoni. Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yasimamishwe na mabaki yake yateketezwe. Mahindi hayo yalipandwa mara ya kwanza Oktoba 2016, ndani ya uzio, chini ya mradi wa WEMA uliotafuta mbegu ya kuhimili ukame na bungua. Mama aliniletea uji, akasimama mlangoni.

“Umesikia? Serikali imeyachoma.”

Nilidhani tunazungumza habari za Dodoma.

Siku hiyohiyo alifungua mifuko yote minne, akamwaga mahindi kwenye salfeti za kawaida, akaacha midomo wazi. Akaenda kwa jirani kuomba kopo la mahindi yaliyobunguliwa, wadudu wake wazima, akagawa kiganja kimoja kila gunia. Kwa wiki zote zilizofuata alitupikia unga alionunua dukani kwa fedha yake mwenyewe. Alikuwa anasubiri mdudu aonje kwanza. Mdudu akila akapona, ndipo wajukuu wale.

Nimelifikiria jaribio lile mara nyingi. Mwanamke ambaye hakupita darasa la nne alikuwa na swali, njia ya kulipima, na subira. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kwamba anapima mifuko, wala si mbegu.

Januari niliingia stoo mwenyewe. Kabla sijawasha taa nilisikia mlio, kama mchanga unaosuguliwa taratibu. Sakafu ilikuwa nyeupe kwa unga. Dumuzi ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hakuondoka tena nchini. Magunia mawili yalibaki makapi. La tatu lilikuwa nusu. La nne lilikaa chini ya bati linalovuja, na mvua za Mbeya hazina huruma: mahindi yalishikana mabonge, ya kijani na meusi.

Nilimwita Mama. Alichota unga ule, akaupuliza, akanitazama kwa nafuu ambayo sikuitarajia.

“Yameliwa,” alisema. “Kumbe yalikuwa chakula.”

Nililia. Naye alipoelewa kilichotokea, alilia.

Asubuhi alitaka kuokoa lile gunia lililooza: tuoshe, tuanike, mengine kwa kuku, mengine ya pombe ya komoni. Hapo nilikataa kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na kupika hakuiondoi. Tulichimba shimo nyuma ya choo tukafukia, na mpaka mavuno yaliyofuata tulinunua mahindi debe kwa debe, kwa bei ya njaa.

Jioni za mwezi ule tulizungumza, safari hii bila haraka. Nilimwambia faida kama ilivyo: mahindi ya Bt hutobolewa kidogo, na hindi lisilotobolewa mara nyingi huwa na ukungu wenye sumu kidogo zaidi. Mkulima anayepambana na viwavijeshi vamizi, walioingia kwetu 2017, angepunguza dawa anayovuta puani kila wiki. Nilimwambia pia hasara. Afrika Kusini, wanakoyalima tangu miaka ya 1990, mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua wameanza kuizoea ile protini. Burkina Faso waliiacha pamba yao ya Bt kwa sababu nyuzi zilikuwa fupi na soko likashusha bei. Na jirani zetu wa Zambia, ng’ambo ya Tunduma, walipokuwa na njaa mwaka 2002, rais wao Levy Mwanawasa alikataa mahindi ya msaada ya GMO.

Mama alisikiliza yote, kisha akauliza mawili. Chavua ikipeperuka kutoka shamba la jirani na kuangukia mahindi yangu ya kienyeji, nitajuaje? Na mbegu hiyo ni ya nani?

Hayo ndiyo maswali, na ndiyo yaliyostahili kujibiwa Makutupora, na wataalamu wetu, ndani ya uzio wetu. Nchi isiyopima itaamuliwa na anayeuza au na anayetisha. Mimi naona mbegu ile haikuwa tayari kwa shamba la mkulima, lakini kuchoma jaribio kulituacha na uvumi wa msibani. Kisha Januari 2021 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, alifuta majaribio yote ya GMO nchini.

Siku hizi Mama hupanda vipande viwili Kilolo, mbalimbali. Kimoja ni cha mahindi ya kienyeji, ambayo mbegu yake bado inaning’inia juu ya meko. Kingine ni cha chotara, anayoinunua upya kila msimu baada ya kukwangua lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, kuhakikisha si bandia. Mavuno ya vyote huingia kwenye mifuko ya kinga njaa, na anaifunga yeye.

Wewe mwenye mifuko hiyo stoo, mzazi akija na kuuliza kwa nini mdudu hayali, mwachie mtu mwingine mtoto kwa dakika chache, ukae naye umjibu.