Ya Nini Kumtia Dawa?

Kuishi Kitaya ni kubeba lawama za bahari usiyoiona. Ndugu wa bara akisikia Mtwara tu, ananiagizia pweza, kana kwamba nikifungua dirisha ataingia mwenyewe. Dirishani kwangu kuna Mto Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Humo mna kambale na perege. Mna mamba pia, ambaye naye anatafuta kitoweo. Samaki wa bahari hutufikia kwa pikipiki, ndani ya tenga, wakati macho yake yameshafifia na nzi wameshamaliza kikao.

Anayetaka samaki mbichi hasa na ashuke Msimbati, ila kwanza amwulize mwezi. Pweza ni wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari inapokupwa mpaka mwamba ukabaki mtupu na kina mama wakapita na vijiti vyao wakichungulia mashimo. Mwezi ukifika nusu, maji yanakuwa mafu, mwamba haujitokezi vizuri, pweza anastarehe. Dagaa naye anataka giza, maana huvutwa kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, karabai haina kazi. Halafu kusi ikianza kuvuma kwa nguvu, vyombo vidogo vinalala ufukweni. Bahari ina likizo nyingi kuliko shule ya msingi.

Shemeji yangu wa Dodoma hayo hayamhusu. Alikuja maji mafu, akataka pweza. Nikamshusha Msimbati, nikamtuliza kwa changu aliyetoka majini asubuhi ileile, matamvua mekundu kama kaparuzwa sasa hivi. Mama mchomaji akampasua, akampaka chumvi na ndimu, akamlaza juu ya makaa. Basi. Pembeni ugali wa muhogo. Hapo mtu mwenye adabu zake hunawa mikono akanyamaza.

Namwelewa yule Mwingereza, Latham Leslie-Moore, aliyehamia Msimbati enzi za ukoloni na mwishowe akajitangazia nchi yake hapohapo. Wenzake walidhani amerukwa na akili. Mimi naona alishakula changu wa pale, akakosa sababu ya kutawaliwa na mtu.

Shemeji akauliza masala. Hakuna. Akauliza tomato ya chupa. Hakuna. Akafungua begi, akatoa chupa ya pilipili aliyosafiri nayo kutoka Dodoma, imefungwa kwenye soksi. Mama mchomaji akamtazama, akaitazama soksi, akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu samaki hakufa kwa maradhi. Ya nini kumtia dawa?"

Ungedhani atatahayari. Wapi! Akainuka kumpiga changu picha, upande huu, upande ule, akamsogeza kwenye mwanga, akaniomba nitoe mkono wangu usiharibu mandhari. Mkono wangu! Ndio uliolipa. Mafuta yakaanza kuganda juu ya sahani, ugali ukaota ngozi, na mimi natabasamu kwa sababu ni kaka wa mke wangu na habari zingefika Kitaya kabla yangu.

Alipokula, alikula kwa kuuliza: huu mwiba, huu nao mwiba? Kichwa nilimwachia yeye, maana ni heshima ya mgeni, ingawa roho ilikuwa inauma. Kichwa cha changu! Chenye mashavu, chenye ubongo, chenye ile nyama laini nyuma ya jicho! Shemeji akakishika kwa ncha za vidole, akasema, "Mimi vichwa sili," akakitupa chini.

Paka wa Msimbati hawangoji mtu amalize kusema "lete huku."