Mteja Mwenye Taji

Mabadiliko katika kazi ya kuagiza husimamiwa kwa hatua nne: mteja huomba, fundi hukadiria gharama na athari, wote wawili hutia saini, ndipo mbao hukatwa. Mteja akiwa mfalme, hatua ya pili huhesabiwa utovu wa adabu. Gustav II Adolf wa Uswidi aliagiza manowari Vasa, kisha akabadilisha mpango wa mizinga ujenzi ukiendelea. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa sitahani toka ubavu mmoja hadi wa pili. Meli ikayumba mno. Jaribio likasimamishwa, safari haikusimamishwa. Tarehe 10 Agosti 1628 ilizama palepale Stockholm, baada ya mita 1,300 hivi. Uchunguzi haukumpata mkosaji: vipimo aliviridhia mfalme, na mfalme hakosei.