Namna ya Kuwa Rais kwa Dakika Kumi Ukiwa Nzega

Anza kwa kunyamaza. Fani ya kuiga sauti za wanasiasa ina watu wengi wanaojua kupayuka na wachache mno wanaojua kusikiliza, na wewe uliyekulia Nzega umepewa darasa la bure. Mji umekaa njia panda. Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa, mabasi ya Mwanza yanashusha na kupakia, na barabara ya Tabora inaungana papo hapo. Kiswahili cha nchi nzima kinateremka stendi kununua maji na michembe. Kaa kwenye benchi, funga mdomo, sikiliza nani anameza herufi, nani anavuta silabi ya mwisho, nani anacheka kabla hajamaliza sentensi. Siku utakapomwita mpiga debe naye akageuka akidhani ameitwa na mwenzake, ndipo uanze kufikiria Ikulu.

Wala usiombe radhi kwa kazi hii, maana ina ukoo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo katika karne ya 19 walitembea kwa miezi, wakipita nchi za watu, na njia hiyo imeacha utani uliopo mpaka leo kati ya Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo. Mtani huingia msibani, akavaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, akadai deni kama yeye alivyokuwa akidai. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Huyo ndiye babu yako kikazi. Kamtazame vizuri: anamjua marehemu kwa undani, hamsingizii, na ule ubahili ambao kila mtu aliunong'ona yeye anautoa hadharani. Sijaona mpaka leo shule ya maigizo yenye somo bora kuliko hilo.

Sauti ya kwanza itakuwa ya Mwalimu Nyerere. Haikwepeki. Steven Mengele aliiiga mpaka nchi ikamwita Steve Nyerere, na baada yake vijana wengi wanamwiga yeye badala ya kumwiga Mwalimu. Usiwe mmoja wao. Nenda kwenye chanzo. Tafuta hotuba ya Mei Mosi ya 1995 kule Mbeya, isikilize hadi uijue pumzi yake. Utagundua kwamba ule ukali wanaouiga wengi ni sehemu ndogo tu. Mwalimu anauliza swali, anasubiri, anaangalia nani kashtuka, anajibu kwa sauti ya chini, kisha anacheka yeye kwanza ili na wewe upate ruhusa. Ukiweza kunyamaza kama yeye, sauti itakuja yenyewe.

Na mkoa wako wa Tabora una haki naye. Alisoma Tabora School kuanzia 1937, akarudi baada ya Makerere kufundisha St. Mary's, na Januari 1958 ni hapo Tabora alipowashawishi wajumbe wa TANU washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wajumbe wengi walikuja wakitaka kususa. Aliwageuza kwa maneno. Anayetaka kumwiga Mwalimu bila kumwiga akishawishi anabaki na kofia na fimbo.

Hayati Rais Magufuli atakunasa kwa urahisi wake. Nzega iko pale Kinyamwezi kinapogusana na Kisukuma, kwa hiyo lafudhi ya kanda unayo tangu utotoni, na hapo ndipo wengi hupotea: wanamwiga Msukuma yeyote. Cha kwake mwenyewe kilikuwa kukariri kilomita za barabara tangu akiwa waziri wa ujenzi, na kumwinua kiongozi au mkandarasi mbele ya umati ajibu pale pale. Mwige akihesabu. Kwa Rais Samia nina neno moja tu kwa wanaume: usibane pua. Ukibana pua umemwiga mwanamke wa kufikirika. Yeye husema jambo zito kwa utulivu wa Kizanzibari, bila kupandisha sauti, na huo utulivu ndio kazi.

Ukishakuwa na sauti, utafute la kusema, maana hapa ndipo fani yetu inapoumwa. Ukumbi unacheka kwa dakika mbili kwa sababu umefanana. Dakika ya tatu watu wanarudi kwenye sahani zao. Chukua dhahabu ya Lusu, hapo Nzega. Kampuni ya Resolute ilianza kuichimba mwishoni mwa miaka ya 1990, mgodi ukafungwa, dhahabu imekwenda. Mlete Mwalimu pembeni ya lile shimo, aulize kwa upole kilichobaki, asubiri. Mlete Magufuli aihesabu kwa kilo. Swali ambalo mwananchi analimeza kwenye mkutano wa kijiji, sauti ya marehemu inaweza kulitoa, na diwani akicheka, amekwisha kukiri kwamba amelielewa.

Jilinde. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alihojiwa na polisi baada ya kuweka mtandaoni picha zilizobadilishana sura yake na ya Rais Magufuli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachohusu kujifanya mtu mwingine kupitia kompyuta. Kwa hiyo jitambulishe mwanzo na mwisho wa kila video, na usirushe sauti tupu kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimpigia mtu simu kwa sauti ya waziri umehamia kwenye utapeli, na mimi sitakutetea.

Riziki itaanzia kwenye sendofu na vipaimara. Chukua malipo ya awali kabla ya kupanda jukwaani. Ukifanikiwa, siasa yenyewe itakutafuta. Kenya wameyaona: kundi la vichekesho la Redykyulass lilimwiga Rais Moi kwenye televisheni yeye akiwa bado madarakani, jambo lililotaka moyo. Baadaye mmoja wao, John Kiarie, akachaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017, na Walter Mong'are, aliyekuwa ndiye Moi wao, akafanya kazi serikalini. Ni haki yao kama raia. Ila kiti cha mwigaji kinapobaki wazi, anayeumia ni mtazamaji, kwa sababu mwigaji mzuri hapatikani kila mwaka.

Kampeni zikifika, mgombea atakutumia mtu mwenye fulana, kofia na bahasha, akitaka uje umwige mpinzani wake. Mjibu kwamba utakuja, lakini utaanza na mgombea mwenyewe, akiwa amekaa mstari wa mbele na wapiga kura wake wote wanamtazama. Akikubali, mtajie bei yako kamili. Akikataa, rudisha bahasha pamoja na kofia, kisha uende stendi. Basi la jioni la Mwanza linakuwa na abiria wenye lafudhi nzuri sana.