Leo Tunakula Wafu

"Mama, leo utafuturu wafo."

Mama mkwe akasimamisha tasbihi. "Wafu?"

"Wafo, mama. Ni chakula."

"Astaghfirullah. Nimefunga sita zangu, mwanangu. Maneno ya makaburini sitaki saa hizi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza Jumamosi yangu, wiki moja baada ya Idd, hapa Tanga. Kwa watoto sikukuu ilikwisha siku ile ile pesa za Idd zilipokwisha, yaani Idd pili kabla ya adhuhuri. Kabatini mwetu ilikuwa bado inaendelea. Kulikuwa na nusu pakiti ya unga wa ngano, hamira iliyofungwa kwa mpira, tambi za kujaa kiganja, iliki, zabibu kavu zilizoshikana kama ndugu wa mirathi, na zile tende za mwisho ambazo kila mtu huzichagua-chagua na kuzirudisha. Kwenye friji mlikuwa na mchele uliosagwa wa vitumbua, tui, mtindi na mayai matatu. Juu ya meza, sufuria ya shira ya kaimati, imefunikwa sahani, nayo sisimizi walishaijua njia.

Mke wangu alikwenda Pangani kuwaamkia shangazi zake. Akiwa mlangoni, viatu mguuni, alisema neno moja tu: "Hivyo vitu vikiharibika, mie simo." Mwanamume mwenye akili angekula tende mbili akalala. Mimi nikaikumbuka mashine ya wafo.

Mashine hiyo tuliletewa na shemeji yangu anayeishi Ohio, Marekani. Ilikaa juu ya kabati mwaka mzima ndani ya boksi lake, pamoja na vyombo vingine vya aina ile ambavyo wageni huonyeshwa lakini havishikwi. Kwa asiyeijua, ni vyuma viwili vya vishimo vya mraba, vimeunganishwa kwa bawaba kama kitabu. Unamimina rojo, unafunika, linaiva juu na chini kwa wakati mmoja, na vile vishimo kazi yake ni kudaka asali. Watu wa Ulaya wamepika hivyo kwa karne nyingi, kwa vyuma vyenye mikono mirefu kama koleo la mhunzi, juu ya moto wa kuni. Mhunzi hakuwa na plagi. Nitarudi kwenye plagi.

Kwanza rojo. Nilikuwa na hoja madhubuti. Wabelgiji, ambao kwa wafo hawana mpinzani, zile zao za mji wa Liège huumuliwa kwa hamira, si kwa bekini pauda. Nasi vitumbua tunavitia hamira. Basi mimi na Wabelgiji tulikuwa kitu kimoja. Nikachanganya unga wa ngano na mchele uliosagwa, nikapiga mayai, nikatia tui, mtindi, iliki, tende nilizozikatakata, na tambi, kwa sababu zilikuwepo. Nikatia hamira kijiko. Kisha nikawaza kwamba pakiti ile imefunguliwa siku nyingi, yawezekana hamira yenyewe imeshatangulia mbele ya haki. Nikaongeza vijiko viwili vya kuifufua.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka uani, mlango wa jiko uko wazi. Kwa adabu yetu hakuweza kuingia akanipokonya mwiko, na mimi sikuweza kumwambia asinitazame.

"Mie sisemi kitu, mwanangu," akasema, "lakini mchele huo ni wa vitumbua."

"Najua, mama. Leo utakuwa wafo."

"Sawa. Mie sisemi kitu."

Nilienda kuswali alasiri. Kurudi, binti yangu mdogo kanipokea kibarazani: "Baba, unga unatoka." Nikadhani anasema unga umekwisha. Kumbe unga ulikuwa unatoka kweli: umelisukuma kawa, umeshuka ubavuni mwa bakuli, umevuka meza na sasa unachungulia ukingoni. Hamira haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala tu, na joto la Tanga la saa kumi alasiri si la kumlaza mtu. Nikaukusanya kwa upawa na kurudisha nilichoweza, pamoja na sisimizi wachache ambao nitaomba msomaji asiwataje akikutana na mke wangu.

Sasa plagi. Mashine ya Marekani ina plagi ya miguu miwili bapa, na soketi zetu zinataka mitatu minene. Nikamtuma kijana wa jirani dukani, akarudi na adapta. Muuzaji alimhakikishia kuwa hiyo inaingia popote, na simlaumu, maana hakusema uongo. Iliingia. Kuingia ndiyo kazi yote ya adapta. Inabadilisha miguu, umeme unabaki ule ule. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na chini ya mashine, kwa maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeusi, ilikuwa imeandikwa wazi: volti 120, wati 1,000. Mtu angedhani volti zikikaribia kuwa mara mbili basi na moto utakaribia mara mbili. Hapana. Kwa kitu cha kupasha moto, nguvu hupanda kwa mraba wa volti, kwa hiyo mashine ya wati 1,000 nikawa naitaka itoe karibu wati 3,700. Haya niliyasoma baadaye, kwa tochi ya simu.

Nilipowasha, taa nyekundu ikawaka, na kabla sijageuka kuchukua upawa ikawa kijani. Nikafurahi. Nikasema Wamarekani hawachelewi. Nikamimina upawa mmoja, nikaona haujajaa, nikaongeza wa pili. Nikafunika.

Rojo lenye vijiko vitatu vya hamira halipendi kufunikwa. Lilitoka pande zote nne, likateremka kwenye waya, na jiko zima likanukia iliki, kisha tende, kisha plastiki.

"Mie sisemi kitu," ikaja sauti ya uani, "lakini kuna kitu kinaungua."

Pwaa!

Nyumba nzima ikanyamaza. Friji kimya, panga boi likazunguka mara tatu za kuagia. Nikafanya lile ambalo kila mwenye nyumba hufanya: nikachungulia dirishani kuomba giza liwe la mtaa mzima. Kwa jirani taa inawaka, redio inaimba.

"Baba, LUKU imeisha?"

Nikamwambia ndiyo. Mungu anisamehe, ilikuwa Mfungo Mosi.

Breka niliirudisha bila taabu, baada ya kuichomoa mashine kwa kitambaa. Taabu ilikuwa mashine kufunguka. Nilivuta, nikapiga kwa kiganja, nikatia bisibisi kwenye mwanya. Vyuma viwili vilikuwa vimefunga ndoa isiyo na talaka. Mimi nikishashindwa na kitu huwa nasoma historia yake, naona inapunguza aibu, na jioni hiyo nilipunguziwa na mtu mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, Bill Bowerman, mmoja wa waanzilishi wa Nike, alichukua mashine ya wafo ya mkewe akamimina mpira wa maji ndani, atengeneze soli itakayoshika uwanja. Mashine ikagandana, haikufunguka tena. Yeye hakukata tamaa, akaendelea na vyuma vingine, na soli zile za vinundu vya mraba zikawa viatu vilivyovuma dunia nzima. Nilimpenda sana mtu huyo. Tofauti yetu ni kwamba yeye alikusudia kutengeneza kiatu.

Maana ilipofunguka, kwa bisibisi na Bismillahi, ndani mlikuwa na kitu cha mraba, cheusi tii, kina meno. Nikakitoa nje kwenye mwanga. Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakikunja. Kikarudi kilivyokuwa.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hii ni katambuga."

Ilikuwa katambuga kweli, ile sandali ya tairi, tena ya mguu wa kulia. Katikati ulitoka uji mbichi.

Zilikuwa zimebaki dakika arobaini magharibi iingie, na mfungaji ndani ya nyumba hana futari. Hapo mama mkwe akaacha kutosema kitu. Akamtuma binti yangu mkaa, akaniambia nipepee, na yeye mwenyewe akaenda chumbani kwake akatoka na chuma cha vitumbua, kizito, cheusi kwa umri, chenye vishimo saba. Alipewa siku ya harusi yake. Akaonja rojo kwa pua, kwa kuwa amefunga, akaongeza sukari na chumvi chembe, akachota tambi zote akazitupa bila kunitazama. Tone la mafuta katika kila kishimo, upawa nusu, ukingo ukianza kujikunja anageuza kwa kijiti. Hana taa ya kijani. Nilimuuliza anajuaje kimeiva. Akasema, "Kinanyamaza." Kweli, ukikisikiliza kitumbua kinanong'ona kwenye mafuta, halafu kinaacha.

Pale ndipo nilipoona jambo ambalo mashine ilinificha: rojo la hamira, chuma chenye vishimo, moto wa kutosha. Wafo ni kitumbua kilichokaliwa.

Mke wangu alirudi na shangazi wawili wa Pangani, adhana inakaribia. Wakakuta sinia la vitumbua vya tende vimemwagiwa shira, na mimi nimepakwa masizi hadi kwenye kope. Walipofuturu, shangazi mkubwa akala vitano, akauliza ni nani kapika.

Nikamtazama mama mkwe. Kaka zangu, mwombeeni mama yule maisha marefu. "Mkwe wangu," akasema. "Ni mapishi ya Marekani. Yanaitwa wafu."

Waswidi wana siku yao ya kula wafo, tarehe 25 Machi kila mwaka. Asili yake ni sikukuu ya Bikira Maria, Vårfrudagen. Watu wakalitamka kwa haraka, likasikika Våffeldagen, siku ya wafo, basi wakawasha vyuma na wanakula hadi leo. Kwa hiyo sishangai yanayotokea Pangani. Juzi shangazi kapiga simu: Idd ya Mfungo Tatu watakuja kumi na wawili, na wote wanataka wafu. Mama mkwe ameshaniagiza mchele ulowekwe tangu usiku.

Mashine imerudi juu ya kabati. Sijathubutu kuiwasha tena kwa adapta. Kama msomaji unayo transfoma ya kushusha umeme, nakuomba uje nayo tujue kama i hai au na yenyewe ni katika wafu. Ila piga simu kwanza, uje siku mke wangu yuko Pangani.