Shangazi, Hoteli ya Mlimani Imenishinda

Kwa kawaida safu hii hupokea barua za ndoa, mirathi na mipaka ya mashamba ya mpunga. Mwezi huu barua karibu zote zinahusu jambo moja: zile hoteli za kisasa zilizo chini ya milima ya Udzungwa, zenye paa la makuti, sakafu ya mawe na mhudumu anayekukabidhi taulo la baridi kabla hujasema umetoka wapi. Shangazi amezisoma zote, na majibu ni haya.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtunzi wa riwaya, ila riwaya yenyewe sijaianza. Nimesikia kwamba waandishi wakubwa duniani hupanda milimani, hukaa kwenye hoteli nzuri, na maneno huja yenyewe. Nikakopa kikoba, nikaenda kulala Mang'ula siku tatu. Chumba kilikuwa na meza ya mninga inayotazama msitu. Nimerudi na sentensi moja, nayo inahusu meza. Wanakikoba wanataka rejesho lao. – Mtunzi Niliyekwama, Kibaoni, Ifakara*

Marahaba mwanangu. Meza haina kosa, iache.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni. Mchana mizigo ya watu, usiku kalamu, na hivyo hivyo akatuachia Kusadikika na Kufikirika. Sijasikia popote kwamba alidai kwanza apewe chumba chenye mandhari. Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, hajafika hata miaka thelathini, ikawatikisa wakubwa mpaka wakaipiga marufuku mashuleni. Yote hayo bila taulo la baridi.

Ukienda tena mlimani, toka chumbani. Nenda stesheni ukakae na wanaosubiri treni ya TAZARA. Bonde hili la Kilombero liliwahi kuwa na treni yake fupi, watu wakiiita Kipisi, ikibeba ndizi, mpunga, kuku na umbea wa kila kituo. Mwanahistoria Jamie Monson alitoka Marekani akaja kuwasikiliza wakulima na wachuuzi wa reli hii, na mwaka 2009 akatoa kitabu, Africa's Freedom Railway. Yeye kwa kusikiliza kapata kitabu kizima. Wewe uliyezaliwa Kibaoni umepata meza.

Kuhusu rejesho: lipa. Kikoba hakipokei mashairi.

*Shangazi, nimejenga hoteli ya vyumba vichache kwa ajili ya wageni wanaopenda vitabu. Vyumba nimevipa majina: Shakespeare, Hemingway, na kile chenye bafu kubwa nimekiita Paris. Juzi mgeni kutoka Nairobi kaniuliza, "Na wa kwenu huku ni nani?" Nikajifanya nimeitwa jikoni. – Mwenye Hoteli, chini ya mlima*

Mwanangu, jikoni utakimbilia mara ngapi?

Hemingway aliwinda Tanganyika, lakini huko kaskazini, na kitabu chake Green Hills of Africa kilitoka mwaka 1935. Mwaka huo huo wa 1935 kilitoka pia Ubena of the Rivers, kitabu kinachohusu bonde hili hili, mito hii hii, Wabena wa huku bondeni. Waandishi walikuwa afisa wa kikoloni A. T. Culwick na mkewe, na utakisoma ukijua kwamba miwani waliyovaa ilikuwa ya serikali. Ila ndani yake imo sura iliyoandikwa na mtema, yaani chifu, Towegale Kiwanga mwenyewe. Kwa hiyo mwaka ule Hemingway anasimulia pembe za kudu, mtema wa bonde lako tayari alikuwa na sura yake kitabuni. Wewe ukutani umemtundika nani?

Halafu inua macho upande wa pili wa mto Kilombero. Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilivamia boma la Wajerumani kule Mahenge. Vita hivyo ndivyo vilivyompa Ebrahim Hussein tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, na Abdulrazak Gurnah anavigusa katika Afterlives. Weka vitabu hivi kwenye rafu ya mapokezi, mahali ulipopanga majarida ya mwaka juzi. Rafu hiyo itakugharimu pungufu ya bafu la Paris.

Onyo moja. Ukitaka kukiita chumba jina la mtema, nenda kwanza kwa ukoo wake, ukaombe. Hodi haijawahi kumfilisi mtu.

*Shangazi, mume wangu ni mbahili. Nimemwomba siku mbili tu pale hotelini kwa kutimiza miaka kumi ya ndoa. Anasema mlima unaonekana bure kutoka Ifakara, na tukitaka kuukaribia, shangazi yake yupo Mang'ula na ana kitanda. – Mke Mvumilivu, Viwanja Sitini*

Mwambie mumeo asome barua hii kwa sauti.

Baba, kwa shangazi yako ni kuzuri, lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wewe unajua huku jembe linamaanisha mpunga na maji ya magotini. Mkeo atapika, ataosha vyombo, atasikiliza habari za wagonjwa wote wa ukoo, kisha mtalala chumba kimoja na magunia. Hiyo ni ziara ya ukoo. Kumbukumbu ya ndoa ni jambo lingine.

Na kuhusu mlima kuonekana bure: ukiwa Ifakara unaona mgongo wake tu. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170 na zaidi, na huyafikii mpaka upande kwa miguu, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tangu ilipotangazwa mwaka 1992, haina barabara ya kuzungukia na gari. Humo yumo nyani ambaye wenyeji walimwita ng'olaga tangu zamani, wanasayansi wakaja kumtambua mwaka 1979. Msituni kuna sauti ya maji na jasho la haki. Kiingilio cha Mtanzania hulipwa kwa shilingi, tena ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje. Mbahili gani anaacha bei nafuu namna hiyo?

Mama, akikataa bado, nenda na dada yako. Mumeo abaki na kile kitanda cha Mang'ula.

*Shangazi, nimetoka Dar kupumzika. Asubuhi ya kwanza nimekuta vipande vyeusi, vyembamba, virefu kuliko kidole, vimetapakaa kwenye shuka nyeupe, kwenye kikombe na kwenye kompyuta yangu. Nilipogusa kimoja kikasagika, shuka ikachafuka. Nidai fidia? – Msafi, Masaki*

Kwanza niambie: chai yako ulitia vijiko vingapi?

Hayo ni majivu ya miwa. Shamba huchomwa kabla ya kukatwa ili majani makavu yaishe na mkataji apite na panga lake, kisha miwa ikimbizwe kiwandani kabla utamu haujapungua. Kiwanda cha Kilombero kinasaga miwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na upepo haujawahi kusoma ratiba ya watalii. Kosa la hoteli ni moja tu, kutokukwambia ulipoweka nafasi. Omba shuka nyingine, funga dirisha la upande wa mashamba, na usiguse kipande kwa kidole: kipulize.

*Shangazi, jioni tunapenda kuota moto nje na kusimuliana hadithi. Meneja anatutolea kuni chache mno. – Wapenda Hadithi*

Kabla ya kudai gogo la pili, ulizeni la kwanza limetoka wapi. Akina mama wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walikuwa wakiruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011, na tangu hapo jiko la mama lina hesabu kali. Moto mdogo unatosha. Hadithi ikihitaji moto mkubwa ili inoge, ibadilisheni hadithi.

Majibu ya mkato

Kwa *Niliyeibiwa Chapati*: Nyani hakukuibia, ulimpakulia. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, akatazama mkono wako mpaka ukashika simu upige picha, akachukua chapati zote mbili, akakuachia uma. Mezani simu iwe mfukoni.

Kwa *Mpenda Wali*: Ndiyo, ni aibu kula tambi kwenye hoteli iliyo katika bonde la mpunga. Agiza wali wa Ifakara na samaki wa mto. Mpishi akikwambia hayumo kwenye menyu, mwombe anachokula yeye.

Kwa *Meneja* aliyemwahidi Shangazi usiku mmoja wa bure ili aitaje hoteli yake kwa jina: Ahsante mwanangu, jina sitaji. Nitakuja mwezi ujao kwa pesa yangu, kwa jina ambalo hulijui, nikiwa na shangazi wa mume wa Viwanja Sitini. Yeye ndiye atakayekagua shuka.