Deni Lenye Injini: Barua kutoka Houston

Shangazi, Mjomba, nanyi wengine wote wa Ngamiani, Tanga. Watoto huku Houston wanakua, Kiswahili wanakielewa vizuri sana wakiitwa kula, wakitumwa kazi hawakielewi kabisa.

Nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa Shangazi kwenye kundi la ukoo, ule mrefu ambao jogoo anadakia kila sentensi. Shangazi anauliza: mtu aliyekwenda Marekani anatafuta nini na jenereta? Mbona umeme kwao ni kama hewa? Na pesa hizo, si kile kiwanja cha Pongwe kingekuwa kimeshapata msingi? Maswali ni ya haki. Na kwa kuwa binamu zangu wameshaanza kuniita Mkurugenzi wa Umeme, nimeona nijibu kwa maandishi, maana kwa sauti sitamaliza bila kukatizwa.

Umeme wa huku, Shangazi, unasafiri juu ya nguzo kama wa huko. Nguzo zimepita katikati ya miti mikubwa, na Ghuba ya Mexico haiko mbali. Upepo ukivuma, mti unalala juu ya waya, waya unalala chini, na sisi tunalala gizani. Halafu Texas, kwa kupenda kujitawala, ina gridi yake yenyewe. Marekani ina gridi mbili nyingine kubwa, ya mashariki na ya magharibi, na sehemu kubwa ya Texas haimo katika hata moja. Imeunganishwa nazo kwa njia chache nyembamba. Siku ya shida, hakuna jirani wa kukukopesha umeme wa kutosha.

Shida ilikuja Februari 2021. Baridi iliteremka mpaka theluji ikaanguka kwenye ufukwe wa Galveston, pale ambapo watu huenda kuogelea. Nyumba zaidi ya milioni 4 katika jimbo zikakosa umeme, na mabomba ya maji yakapasuka ndani ya kuta. Mei 2024, mwezi uleule mliokuwa mkikiogopa Kimbunga Hidaya huko pwani, upepo mkali ulipiga Houston jioni ya tarehe 16, ukang'oa vioo vya maghorofa katikati ya jiji na kuwaacha karibu wateja milioni moja bila umeme. Hatujamaliza kukata matawi, alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Julai, kimbunga Beryl kikaingia nchi kavu karibu na Matagorda. Kilikuwa cha daraja la kwanza, yaani la chini kabisa kwa vimbunga. Wateja zaidi ya milioni 2 wakakaa gizani, wengine zaidi ya wiki.

Sasa mtasema, giza ni nini? Sisi tumelelewa na vibatari. Kweli, lakini hebu izingatieni nyumba ya huku. Haina baraza. Haina matundu juu ya dirisha. Madirisha mengine yamefungwa tangu nyumba ilipojengwa, na sakafu ina zulia. Kiyoyozi kikizimika mwezi wa Julai, na nje ni nyuzi 35 na unyevu wa kutosha kufuga samaki, mtu hakai ndani na hana pa kukaa nje. Babu aliyejenga nyumba ya udongo Ngamiani na kuipa baraza alikuwa mhandisi kuwapita hawa.

Jambo la kuchekesha ni jinsi tulivyotafuta habari. Ramani ya kampuni ya umeme, ya kuonyesha wapi kuna umeme na wapi hakuna, ilikuwa haifanyi kazi. Wakazi wakagundua kwamba mgahawa wa Whataburger, ambao una matawi kila kona, una programu ya simu inayoonyesha tawi lipi limefungua. Tawi likiwa wazi, mtaa huo una umeme. Basi watu wazima, wengine wenye digrii za uhandisi wa petroli, wakawa wanakodolea macho ramani ya mikate yenye nyama ili wajue waende kwa ndugu yupi.

Kwangu aliyelia zaidi ni mama watoto, na kilio chake kilikuwa cha friza. Ndani yake mlikuwa na mbuzi mzima wa duka la halali, kisamvu kilichogandishwa, na nguru niliyemtafuta mpaka nikakaribia kumsahau sura. Friza isiyofunguliwa huhifadhi baridi siku moja hadi mbili. Beryl hakuwa na habari hiyo. Tukalazimika kupika kila kitu kwa mpigo kwenye jiko la mkaa nje. Majirani walidhani tuna harusi. Wakala, wakashukuru, wakauliza mwakani ni lini.

Baada ya hapo ndipo neno jenereta lilipotamkwa ndani ya nyumba, na sikulitamka mimi.

Hapa sharti niwafahamishe jambo. Ninyi mkisikia jenereta mnafikiria kale ka dukani kwa Mangi, kanakovutwa kamba, kananguruma, kanawasha friji la soda na taa moja. Hili ni jingine. Ni sanduku la chuma lililowekwa nje kwa kudumu, kilowati 22, na halijui petroli. Linakula gesi asilia inayokuja kwa bomba chini ya ardhi, hiyohiyo ya kuchemshia maji. Hakuna dumu, hakuna foleni ya kituo cha mafuta. Mjomba usishangae sana: gesi ya Songo Songo inafua umeme wenu tangu 2004. Tofauti ni kwamba hapa nimeileta kazi hiyo ubavuni mwa chumba cha kulala.

Nilidhani utaratibu ni kununua, kupakua, kuwasha. Kwanza alikuja muuzaji na kompyuta yake ya mkononi, akahesabu kila kinachotumia umeme, mpaka feni ya chooni. Kisha likaja suala la mahali. Sanduku halitakiwi kuwa karibu na dirisha wala mlango. Futi 5 ndiyo kanuni, kwa sababu ya moshi. Lisigusane na ukuta. Lisiwe juu ya mita ya gesi. Lisiwe mahali maji ya mafuriko yatakapofika, na Houston hakuna aliyekisahau kimbunga Harvey cha 2017. Nyumba yangu, kwa namna ilivyojaa madirisha, ilibaki na kipande kimoja tu kilichofaa, nacho ndicho mama watoto alichopandia mchaichai. Mchaichai umehamishwa. Mazungumzo kuhusu mchaichai bado yanaendelea.

Kisha chama cha wenye nyumba. Shangazi, hapa mtaa una chama kinachokuandikia barua majani yako yakirefuka na pipa la taka likichelewa kurudi ndani. Sheria ya Texas ya 2015 inakataza vyama hivi kumzuia mtu kufunga jenereta la aina hii, lakini inaviruhusu kutaka lifichwe lisionekane barabarani. Kwa hiyo nilijaza fomu, nikachora ramani, nikaahidi kupanda vichaka. Nimenunua mtambo wa bei ya gari, na sharti lake la kwanza ni kwamba mtu yeyote asiuone. Wapi umesikia Mtanga akinunua kitu cha bei hiyo halafu akafunika?

Baada ya hapo kibali cha ujenzi. Fundi umeme mwenye leseni. Fundi bomba mwenye leseni ya gesi, maana fundi umeme haruhusiwi kugusa gesi na fundi bomba haruhusiwi kugusa waya, na mimi mwenye mali siruhusiwi kugusa chochote. Kampuni ya gesi nayo ikaja kubadili mita, kwani ile ya zamani ilipimwa kwa maji ya moto tu, na mtambo huu ukifanya kazi kwa nguvu zote unavuta gesi kuliko nyumba nzima. Bomba likajazwa hewa, likapimwa kama linavuja. Kisha mkaguzi. Mkaguzi alikaa muda mfupi kuliko muda niliotumia kumsubiri, akabandika stika, akaondoka.

Kazi yenyewe ni nzuri, siwezi kukataa. Umeme ukikatika, swichi inayojigeuza yenyewe inahisi, inasubiri sekunde chache isije ikawa ni kukonyeza tu, inaamsha injini, inaitenga nyumba na waya wa mtaani, kisha inaipa nyumba umeme wa jenereta. Umeme wa mtaani ukirudi, inageuza tena. Watoto wangu hawataijua ile kelele ya mtaa mzima kupiga yowe "umeme umerudi!" Wao wanainua macho tu taa zikipepesa, wanarudi kwenye simu.

Na kila Jumatano saa nne asubuhi jenereta linajiwasha lenyewe dakika chache ili lisigande. Ndani ya nyumba hii, hilo peke yake ndilo linalofanya mazoezi.

Ila ipo siri, nayo msiitoe nje ya ukoo. Kilowati 22 hazitoshi kuwasha vyote kwa wakati mmoja: viyoyozi viwili, jiko la umeme, mashine ya kukausha nguo. Kwa hiyo fundi amefunga kifaa cha kupunguza mzigo. Jiko likiwaka, kiyoyozi cha juu kinasubiri. Nguo zikikauka, kingine kinapumzika. Mnaelewa nilichofanya? Niliukimbia mgao wa Dar, nikavuka bahari, halafu nikaununua mgao wangu mwenyewe kwa mkopo, na ratiba nimepangiwa na sanduku.

Wageni nao wameongezeka. Tulipopigwa na radi mwezi uliopita, mtaa mzima kimya, sanduku likanguruma. Jirani yangu, mzee wa Texas mwenye kofia pana, akatokea na waya wa ekstensheni begani, anacheka kabla sijamsalimu. Nyuma yake Watanzania wa Houston, wengine sijawaona tangu msiba wa mwisho, kila mmoja na simu mbili za kuchaji na hamu ya kuniuliza hali.

Sasa Mjomba, hapa nazungumza na wewe kama fundi. Ule waya wako wenye plagi dume pande zote mbili, unaouchomeka upande mmoja kwenye jenereta na upande wa pili kwenye soketi ya sebuleni ili nyumba nzima iwake, huku nimeambiwa unaua. Umeme ule hauishii sebuleni. Swichi kuu isipozimwa, unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma, na transfoma haichagui upande: ileile inayoshusha maelfu ya volti kuwa 230 kuja kwako, itapandisha 230 zako kuwa maelfu kwenda kwenye laini. Juu ya nguzo yupo kijana wa watu, amepanda akijua laini imekufa. Na plagi ikichomoka mkononi mwako, vile vyuma viwili vina umeme, Mjomba, na wewe una wajukuu.

La pili, jenereta halikai ndani, wala veranda iliyofungwa, wala stoo yenye dirisha wazi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mtu analala hasikii kitu. Katika ile baridi ya 2021, Houston watu waliingiza ndani majiko ya mkaa, wengine wakawasha magari gereji wapate joto, na wapo ambao hawakuamka. Huku wanashauri jenereta la kubebeka likae futi 20 kutoka nyumbani, yaani mita 6, moshi ukiangalia mbali na madirisha.

Shangazi, kuhusu bei sifichi: pamoja na ufundi ni kama dola 13,000, zaidi ya milioni 30 za kwetu. Sikuwa nazo. Nalipa kila mwezi, na nitaendelea kulipa mpaka mtoto wa mwisho amalize shule. Kwa hiyo binamu wanaosema nimetajirika wajue ukweli: hili ni deni lenye injini. Msingi wa Pongwe utasubiri mwaka huu, na naomba radhi kwa hilo tu, si kwa jenereta.

Mjomba, chenjiova ya mkono, yaani swichi ya kuitenga nyumba na waya wa mtaani, haina bei ya kutisha, nami nitachangia nusu. Ila kwanza ukate ule waya vipande viwili, unitumie picha.